Lita Si Kilo: Jinsi Maada Inavyopimwa na Mahali Tunapochanganya

Malalamiko ya aina hii husikika mara kwa mara madukani: mnunuzi ananunua chupa ya mafuta ya kupikia iliyoandikwa lita 1, anayamimina kwenye chombo ambacho uzito wake anaujua, anakiweka chombo juu ya mizani na kukuta mafuta yenyewe ni gramu 920 hivi, kisha anarudi dukani kudai gramu zake 80. Anayenunua lita ya asali hukutana na jambo la kinyume, kwa kuwa mizani humwonyesha takriban kilo 1.4, naye huondoka akiamini kwamba muuzaji amejipunja. Hakuna aliyepunjwa hapo. Chupa iliahidi lita, mizani inajibu kwa kilo, na vipimo hivi viwili vinauliza maswali mawili tofauti kuhusu kitu kilekile: lita inauliza kitu kimejaza nafasi kubwa kiasi gani, na kilo inauliza mna maada kiasi gani ndani ya nafasi hiyo.

Mwanafunzi anayeanza sayansi hufundishwa kwamba maada ni kitu chochote chenye tungamo na kinachochukua nafasi. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, na hupimwa kwa kilogramu, gramu au miligramu. Ujazo ni nafasi ambayo kitu hicho kinaichukua, na hupimwa kwa mita za ujazo, lita au mililita. Fasili hizi ni fupi na hukaririwa upesi, lakini wengi wanaozikariri huendelea kuiita chupa isiyo na soda kuwa ni tupu, ilhali imejaa hewa, na hewa nayo ni maada. Darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 lina ujazo wa mita za ujazo 144. Kwa kuwa kila mita ya ujazo ya hewa katika ukanda wa pwani ina tungamo la zaidi kidogo ya kilo 1.1, hewa iliyomo darasani humo inapita kilo 160, yaani zaidi ya gunia moja na nusu la mahindi. Hatuihisi kwa sababu imetuzunguka pande zote, lakini ipo, na inapimika.

Neno ambalo huleta utata mwingine ni uzito, kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida tunalitumia kwa maana ya tungamo, na hakuna ubaya wowote sokoni. Darasani, hata hivyo, uzito ni nguvu ambayo dunia inakivuta kitu, na nguvu hiyo hupimwa kwa nyutoni: kitu cha kilo 1 huvutwa kwa takriban nyutoni 9.8. Tungamo halibadiliki kwa kuhama mahali, uzito hubadilika. Mtu mwenye tungamo la kilo 60 akipanda mizani ya bafuni huko mwezini ataona kilo 10 hivi, ingawa hajapungua hata unywele. Wala hatuna haja ya kwenda mwezini ili kuliona jambo hili, kwa sababu mvuto wa dunia kwenye ikweta ni mdogo kuliko kwenye ncha zake kwa takriban nusu ya asilimia moja. Mizani ya springi iliyosawazishwa karibu na ncha ya kaskazini, ikisafirishwa hadi mji ulio kwenye ikweta kama Nanyuki, itasoma pungufu kwa gramu 5 hivi katika kila kilo. Nyingi ya mizani za kidijitali zina udhaifu uleule, kwa kuwa ndani yake hupima nguvu na kuitafsiri kuwa gramu, na ndiyo maana mizani nzuri ya maabara husawazishwa upya mahali itakapotumika, kwa jiwe ambalo tungamo lake linajulikana. Mizani ya zamani ya sahani mbili haina tatizo hili. Yenyewe hulinganisha bidhaa ya upande mmoja na mawe ya mizani ya upande wa pili, na mvuto ukipungua hupungua pande zote mbili kwa pamoja. Wanaoamini kwamba kila chenye kioo na namba zinazowaka ni sahihi kuliko chenye mikono na mawe wanapaswa kulifikiria jambo hili.

Ili kufahamu kwa nini kilo na lita huchanganywa kwa urahisi namna hii, inatubidi turudi kwa waliozibuni. Kabla ya vipimo vya metriki, kila eneo lilikuwa na vyake. Katika pwani yetu nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, pishi moja ikiwa vibaba vinne, na bidhaa nzito za biashara kama karafuu zikahesabiwa kwa frasila, ambayo ni karibu kilo 16. Vipimo hivyo vilitosha pale ambapo muuzaji na mnunuzi walikifahamu chombo kimoja, na vikaleta ugomvi pale ambapo pishi ya mji mmoja haikulingana na ya mji mwingine. Ufaransa ya karne ya 18 ilikuwa na tatizo hilohilo kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1791 wanasayansi wake waliamua kwamba mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, na wapimaji wawili, Delambre na Méchain, wakatumia miaka kadhaa kupima njia kutoka Dunkirk hadi Barcelona ili umbali huo upatikane kwa hesabu. Walikosea kwa kiasi cha milimita 0.2 tu katika kila mita.

Jambo la busara walilofanya ni kuvifunga vipimo vyote kwenye mita hiyo moja. Chukua boksi lenye sentimita 10 kila upande, na ujazo wake ni lita 1. Chukua boksi dogo la sentimita 1 kila upande, na ujazo wake ni mililita 1. Kisha, katika sheria ya Aprili 1795, gramu ikafasiliwa kuwa ni tungamo la maji safi yanayojaza boksi hilo dogo. Kwa hiyo gramu moja ya maji ni mililita moja, na kilo moja ya maji ni lita moja, si kwa bahati wala kwa siri ya maumbile, bali kwa sababu watu walikaa wakapanga iwe hivyo. Urahisi huo ndio uliozaa kosa la mafuta na asali: tunafundishwa usawa wa kilo na lita kwa kutumia maji, halafu neno maji linadondoka njiani na tunabaki na usawa mtupu.

Wanasayansi wenyewe hawakupona. Mwaka 1901 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua kwamba lita iwe ni ujazo wa kilo 1 ya maji, badala ya ujazo wa boksi la sentimita 10. Ikaja kuonekana kwamba viwili hivyo vinatofautiana kwa sehemu 28 katika kila milioni, tofauti ndogo mno kwa mpishi lakini ya kuudhi kwa mwanakemia, na mwaka 1964 uamuzi ukafutwa ili lita irudi kuwa boksi. Hata maji yenyewe hayaitii kanuni kikamilifu. Usawa wao ni wa karibu sana yakiwa na nyuzijoto 4, na katika joto la nyuzi 30, ambalo ni la kawaida Dar es Salaam au Mombasa, lita ya maji ina takriban gramu 996.

Kilo, kwa upande wake, iliendelea kutegemea kitu kimoja cha kushikika kwa muda mrefu wa kushangaza. Mataifa 17 yalitia saini Mapatano ya Mita jijini Paris tarehe 20 Mei 1875, na kuanzia mwaka 1889 kilo ikawa ni tungamo la kipande cha madini ya platini na iridi chenye umbo la silinda, kimo chake na upana wake ukiwa milimita 39 hivi, kilichofungiwa huko Sèvres karibu na Paris. Kila mizani duniani, ukiifuatilia ngazi kwa ngazi, ilikuwa inaishia kwenye kipande hicho. Nakala zake zilipolinganishwa nacho ilionekana kwamba katika miaka mia zimeachana nacho kwa kiasi cha mikrogramu 50, na hakuna aliyeweza kusema kipi kimebadilika. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande chochote, bali namba ya kudumu ya maumbile iitwayo namba ya Planck, kama ambavyo mita imefungwa kwenye mwendo wa nuru tangu 1983. Mwanafunzi hahitaji kulihangaikia hilo. Mfuko wa sukari wa kilo 1 haukubadilika hata punje siku hiyo.

Linalomsumbua mwanafunzi zaidi ni viambishi na hesabu zake. Kilo ni elfu moja, senti ni sehemu ya mia, mili ni sehemu ya elfu, na hapo hakuna ugumu. Ugumu huja kwenye ujazo. Kwa kuwa mita 1 ina sentimita 100, wengi huandika kwamba mita 1 ya ujazo ina sentimita za ujazo 100, ilhali inapaswa kuzidishwa mia kwa mia kwa mia, yaani kwa urefu, upana na kimo, na jibu ni 1,000,000. Bili ya maji inaweza kumsaidia anayesitasita: uniti moja ya maji katika bili ni mita moja ya ujazo, nayo ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Mwenye nyumba anayedhani kwamba uniti tatu ni maji kidogo na ajaribu kuyabeba.

Sasa tuje kwenye vifaa. Ujazo wa kimiminika hupimwa kwa silinda ya kupimia, chombo chembamba cha kioo au plastiki chenye mistari ubavuni. Maji yakiwa ndani yake hayakai bapa, bali hupanda kidogo kwenye kuta na kubonyea katikati, na kanuni ni kusoma mstari uliolingana na sehemu ya chini ya bonde hilo, jicho likiwa usawa wa maji na silinda ikiwa mezani. Anayeinyanyua silinda na kuisoma ikiwa imeinama mkononi, au anayeisoma akiwa amesimama juu yake, anaweza kukosa kwa mililita nzima. Zebaki, ambayo siku hizi haishauriwi kuguswa na wanafunzi, hufanya kinyume: huvimba katikati, na husomwa juu. Pia kifaa kina mpaka wake. Silinda yenye mistari ya mililita moja moja inaweza kutuambia kwamba maji ni 63, labda 63 na nusu kwa kukadiria, lakini mwanafunzi anayeandika 63.47 ameibuni hiyo 47.

Kitu kigumu chenye umbo la mchemraba au boksi hupimwa kwa rula na kuzidishwa. Jiwe halina urefu wala upana wa kupima, kwa hiyo tunalizamisha. Maji yalikuwa mililita 50, jiwe limefungwa uzi na kuteremshwa taratibu, maji yamepanda hadi 72, basi ujazo wa jiwe ni mililita 22. Njia hii hushindwa kitu kinapokuwa kidogo sana, kama pete, na hapa ndipo usawa wa gramu na mililita ya maji unapotufaa kweli. Weka kikombe cha maji juu ya mizani inayosoma sehemu za mia za gramu, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Ning'iniza pete kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe. Mizani itaonyesha ongezeko dogo, na ongezeko hilo kwa gramu ndilo ujazo wa pete kwa mililita, kwa sababu ni tungamo la maji ambayo pete imeyasukuma. Pete ya gramu 5 ya dhahabu tupu italeta ongezeko la gramu 0.26. Ya shaba nyeupe, ile tunayotengenezea sinia na madele, itakuwa karibu na 0.59.

Kwa kugawa tungamo kwa ujazo tumepata densiti, yaani kiasi cha maada kilichoshindiliwa katika kila kipande cha nafasi. Dhahabu tupu ina gramu 19.3 katika kila mililita, risasi 11.3, shaba nyeupe 8.5 hivi, maji 1, mafuta ya kupikia 0.92, mafuta ya taa takriban 0.8, asali 1.4. Maziwa freshi ni 1.03, na kipimo cha kioo kinachoelea ambacho wakusanyaji wa maziwa hukitumbukiza kwenye keni kinapima densiti hiyo hiyo: maziwa yakichanganywa na maji densiti hushuka, na kipimo huzama zaidi. Densiti ndiyo daraja pekee kati ya lita na kilo, na kila bidhaa ina daraja lake. Isichukuliwe, hata hivyo, kwamba inathibitisha kila kitu, maana madini ya tangsteni yana densiti iliyo karibu sawa kabisa na ya dhahabu, na walaghai wanalijua hilo.

Anayedhani kwamba haya ni ya darasani tu na aangalie yaliyotokea Kanada tarehe 23 Julai 1983. Ndege ya Boeing 767 ya Air Canada, safari namba 143, ilikuwa inatoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa, na ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Vipimo vya mafuta katika chumba cha rubani havikuwa vikifanya kazi, hivyo mafundi walipima matangi kwa kijiti na kupata lita 7,682. Kilichobaki kilikuwa ni hesabu ya kugeuza lita kuwa kilo. Kanada ilikuwa inahamia vipimo vya metriki wakati huo, na ndege hiyo mpya ilikuwa miongoni mwa za kwanza za shirika hilo kuhesabu mafuta kwa kilo. Namba waliyokuwa wameizoea ilikuwa 1.77, ambayo ni tungamo la lita moja ya mafuta ya ndege kwa ratili, kipimo cha Kiingereza kisichofika nusu kilo. Kwa kilo ilipaswa kuwa 0.80 hivi. Walizidisha kwa 1.77, wakapata 13,597, wakaziita kilo, wakahesabu upungufu na kuongeza lita 4,916, ilhali zilihitajika lita zaidi ya 20,000. Ndege ikapaa ikiwa na chini ya nusu ya mafuta yake. Injini zote mbili zilizimika angani katikati ya safari, na marubani Bob Pearson na Maurice Quintal waliiteremsha bila injini hadi kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, ambao siku hiyo ulikuwa na mashindano ya magari. Watu wote 69 waliokuwemo walinusurika. Kila mtu aliyepitia hesabu ile alijua kuzidisha na kugawa, na hakuna aliyeuliza ile 1.77 ni 1.77 ya nini.

Kwetu swali hilo huulizwa zaidi kwenye mazao. Debe, kisado na gorogoro ni vipimo vya ujazo, na gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, nalo ni ujazo tu, tena ujazo usio na mpaka. Debe la lita 20 likijazwa mahindi makavu na kusawazishwa juu kwa kijiti hubeba takriban kilo 14 na nusu, na likijazwa mpaka liwe na kichuguu, au likitikiswa punje zikakaa vizuri, kilo huongezeka bila bei kubadilika. Anayenunua hulitikisa, na anayeuza hulijaza taratibu. Ndiyo sababu sheria ya Tanzania inataka mazao yauzwe kwa mizani na gunia lisizidi kilo 100, na Kenya ikaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Hata kilo haimalizi ubishi wote, kwa kuwa mahindi mabichi yana maji mengi. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20, zikikaushwa hadi asilimia 13.5 ambayo Bodi ya Nafaka na Mazao ya Kenya huikubali, hubaki kilo 92 na nusu. Hazikuibiwa, zimepaa angani kama mvuke.

Imani nyingine iliyoenea ni kwamba ukijaza petroli alfajiri unapata zaidi kwa sababu kuna baridi. Msingi wake ni wa kweli: petroli hutanuka kwa takriban sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya joto, na lita iliyopoa ina maada nyingi kidogo. Lakini matangi ya vituo huzikwa ardhini, ambako joto karibu halibadiliki kati ya alfajiri na adhuhuri, na faida inayotarajiwa haifiki hata kwenye pampu. Kinachostahili kuangaliwa ni stika ya uhakiki ya wakala wa vipimo iliyobandikwa kwenye pampu, na tarehe yake.

Gesi ya kupikia huuzwa kwa kilo, si kwa lita, kwa sababu ndani ya mtungi sehemu kubwa ni kimiminika kinachotanuka na kunywea kufuatana na joto, na juu yake kuna mvuke unaojaza nafasi iliyobaki. Tungamo peke yake halijali hali hizo. Wengi hutikisa mtungi ili kukisia, wengine hununua geji ya presha na kushangaa kwamba inasoma kilekile wiki baada ya wiki kisha gesi inakata ghafla. Geji haijaharibika. Madhali kimiminika kimebaki hata kidogo na joto halijabadilika, presha ya mvuke juu yake haishuki. Huanza kushuka pale ambapo tone la mwisho limegeuka kuwa mvuke, na wakati huo sufuria tayari iko jikoni. Kwenye mkono au shingo ya mtungi imegongwa namba ya uzito wa mtungi mtupu, tuseme kilo 13.2. Mtungi wa kilo 15 uliotoka kujazwa unapaswa kusoma 28.2 juu ya mizani. Siku ukisoma 19.7, umebaki na kilo 6 na nusu za gesi.